Kunduchi hadi Tanga kwa ubao wa tanga: shajara ya mradi

Nataka kusafiri peke yangu kwa ubao wa tanga (windsurf, ubao unaosimama juu yake na kulishika tanga kwa mikono) kutoka Kunduchi, Dar es Salaam, hadi Raskazone, Tanga. Hakuna boti itakayonifuata. Ukiufuata ufukwe kwa rasi zake ni kama kilomita 200. Naandika kila hatua inapokamilika ili mtu wa Mtwara, Kilwa au Pemba mwenye nia kama yangu asianze pale nilipoanzia. Mengi humu ni makosa, kwa sababu ndiyo yaliyonila muda na pesa. Kulala, kula na kuamka nimeyapita haraka.

3 Machi 2024: ubao umepatikana, na unavuja

Nimenunua ubao mrefu wa zamani, mita 3.8, wa aina iliyokuwa ikitumika kwenye mashindano. Umekuja na mlingoti wa vipande viwili, bumu (ule mti uliopinda unaoshikwa kwa mikono) na matanga mawili, moja la mita za mraba 7.5 na jingine la 5.5. Vyote shilingi 1,350,000. Nilitaka mrefu kwa makusudi. Mbao fupi za siku hizi zina kasi, lakini upepo ukilegea zinazama na wewe. Mrefu unaelea hata shwari, unabeba mzigo, na una ubao mwembamba wa kushushwa katikati, ambao mimi nauita kisu. Ukishusha kisu unaweza kwenda joshi, yaani kuelekea upepo unakotoka. Ukikipandisha unateleza.

Nilipoupima nyumbani ulikuwa na kilo 19, na mwenye kuuza aliniambia 15. Tofauti hiyo ni maji ya bahari yaliyokuwa ndani. Nilibonyeza kwa kidole gumba mbele ya tundu la mlingoti, pakabonyea.

Hapo nikafanya kosa la kwanza. Nilimpelekea fundi wa boti za faiba, mtu mwenye mkono mzuri sana kwenye boti, naye akapaka gundi ileile anayoitumia kila siku, yaani poliesta. Boti zake ni faiba tupu. Ubao huu ndani ni povu jeupe la polistairini, na poliesta inalila povu hilo. Tulisimama tunatazama shimo linazama lenyewe huku likitoa harufu kali, mpaka likatosha kuingiza kikombe cha chai. Shilingi 60,000 zikapotea.

Marekebisho yalikuwa haya: nilitoboa tundu dogo upande wa chini, nikausimamisha ubao kivulini wiki tatu hadi maji yakaacha kudondoka, nikakata povu lote lililooza, nikajaza povu jipya, kisha nikafunika kwa vitambaa vitatu vya faiba kwa gundi ya epoksi. Epoksi haiharibu povu. Shilingi 145,000. Sasa una kilo 16 na haunyonyi. Ukinunua ubao wa zamani, beba mizani kabla hujabeba pesa.

Gharama hadi hapa: 1,555,000.

12 Mei 2024: mzigo uende wapi

Nilipanga kuanza majaribio mwishoni mwa Aprili, lakini masika ya mwaka huu yalikuwa mazito, na Kimbunga Hidaya kikafika Mafia tarehe 4 Mei. Siku zile hakuna mtu aliyeshusha hata dau. Nimeanza wiki hii, kusi (upepo wa msimu utokao kusini) ikiwa changa.

Mzigo wangu wa kwanza ulikuwa kilo 16: maji, hema, chakula, redio ya VHF ya mkononi, kisanduku cha vifaa. Niliufunga nyuma, kwenye tezi, kwa sababu hapo ndipo penye nafasi. Nikapanda. Omo, yaani mbele ya ubao, ikainuka, ubao ukawa unageukia upepo kila nilipotaka kunyoosha, na nilipoanguka nilishindwa kulivuta tanga kutoka majini, maana kila nikisimama kisigino cha ubao kinazama. Nimeanguka mara kumi na moja kati ya Kunduchi na kisiwa cha Mbudya.

Siku ya pili nikauhamishia mbele kabisa. Kwenda joshi ilikuwa sawa. Nilipogeuza kurudi na upepo wa tezi, wimbi la kwanza tu omo ikaingia chini kama jembe, nami nikarushwa juu ya tanga.

Mzee mmoja anayetengeneza nyavu pale sokoni Kunduchi alikuwa akinitazama siku zote mbili. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza, "Mwanangu, kwenye ngalawa umeona mtu anaweka dema kichwani au mkiani?" Dema ni mtego wa samaki. Akanionyesha ngalawa iliyokuwa imepakiwa tayari. Mzigo ulikuwa umelala mguuni mwa mlingoti, chini, umegawanywa kulia na kushoto. Akaniambia ngalawa ina marengu ya kuishika isipinduke, mimi sina, kwa hiyo mwili wangu ndio rengu na mzigo haupaswi kushindana nao.

Nimeshona mikoba miwili bapa ya turubai la lori, ndani yake mifuko isiyopitisha maji, na kuifunga mbele tu ya mguu wa mlingoti, mmoja kila upande. Nimeshusha uzito hadi kilo 11. Hema limetoka na chandarua kimeingia. Maji lita mbili yako mgongoni, mengine nitanunua njiani. Leo nimekwenda Mbudya na kurudi na upepo wa tezi, nimeanguka mara mbili tu.

30 Juni 2024: kiungo

Kitu kinachoutenganisha ubao huu na kila chombo kingine cha tanga ni kiungo cha mpira chini ya mlingoti. Kwenye jahazi mlingoti umesimama na usukani ndio unaogeuza. Hapa hakuna usukani. Mlingoti unalala upande wowote: ukilaza tanga mbele ubao unakimbia upepo, ukilaza nyuma unaukabili. Wamarekani wawili, Jim Drake na Hoyle Schweitzer, waliiombea hataza (haki ya uvumbuzi) mashine hii mwaka 1968, na kiungo hicho ndicho kiini chake. Mpira wa unene wa kifundo cha mkono ndio unaobeba nguvu yote ya upepo.

Changu kilikuwa na nyufa za jua. Nimepata kingine kilichotumika kwa shilingi 95,000. Nimekikunja kwa mikono pande zote, hakina ufa. Cha zamani nitakiacha nyumbani kupunguza gramu 400. (Nimeiacha sentensi hii kama nilivyoiandika siku ile. Endelea kusoma.)

Vingine vilivyoingia: mkanda wa kiunoni wenye kulabu ya kunasa bumu, wa mtumba, 70,000, jaketi la kuokolea 80,000, mifuko isiyopitisha maji 90,000, redio 260,000. Bila mkanda mikono haifiki hata Mbweni. Unaning'inia kwa kiuno, mikono inaelekeza tu.

Kuhusu usalama: dada yangu ana orodha ya vijiji na namba za viongozi wa BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi) wa kila kijiji, ambao nimewapigia mmoja mmoja kujitambulisha. Kama hajasikia sauti yangu ifikapo saa kumi na mbili jioni, anampigia kiongozi wa kijiji nilichokuwa naelekea. Saadani ni hifadhi ya taifa, kwa hiyo huko nimeomba ruhusa mapema.

Gharama hadi hapa: 2,150,000.

21 Julai 2024: jaribio la kwanza limeshindwa

Nimeshindwa siku ya kwanza, na sababu haikuwa upepo.

Niliondoka Kunduchi saa 12:30 asubuhi. Leo ni mwezi mpevu, yaani bamvua, siku za maji kujaa sana na kupwa sana. Kwa pwani yetu bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na kupwa kabisa saa nne asubuhi. Mimi niliangalia kusi tu, nikaona asubuhi imetulia, nikaondoka. Kila dakika niliyokwenda, bahari ilikuwa inaondoka chini yangu.

Kutoka Kunduchi kwenda Bagamoyo unaelekea kaskazini-magharibi, na kusi inakujia mgongoni kabisa. Ubao wa tanga hauupendi upepo wa tezi. Tanga linakuwa mbele yako kama ukuta, huoni mbele, na hakuna cha kuegemea. Nilikwenda kwa kupindapinda, kidogo baharini, kidogo ufukweni, napisha tanga kila baada ya dakika ishirini. Kila kipande cha ufukweni kilinisogeza karibu na miamba.

Karibu na Mlingotini, saa nne kasoro, nilikuwa juu ya maji ya magotini bila kujua, nyasi za bahari zinapita chini wazi kama kwenye kioo. Kisha ubao ukasimama ghafla, mimi nikaendelea. Nilipoinuka nikaona kamba. Nilikuwa nimeingia katikati ya shamba la mwani.

Kina mama walikuwa kazini, maji kupwa ndiyo saa yao. Yule mwenye kamba alikuja taratibu, amejifunga kanga kiunoni, kisu kidogo mkononi.

"Shikamoo mama. Nisamehe, sikuziona."

"Marahaba. Umekata mbili." Akainama, akashika ncha ya kamba, akanionyesha vishada vya mwani vinavyoelea kwenda zao. "Hizi nimezifunga wiki nne. Bado mbili nivune."

Sikuwa na la kusema. Tulikusanya pamoja tulichoweza, nikashika kamba yeye akafunga, kila kishada kwa kitanzi chake, kazi ya saa nzima ambayo yeye huifanya ameinama kila bamvua. Nilimlipa shilingi 30,000. Alizikubali, lakini aliniambia jambo la thamani zaidi: vigingi vyao vinaanzia pale maji ya kupwa ya bamvua yanapofika magotini, na kuelekea ufukweni. Kwa hiyo maji yakiwa yamejaa, shamba liko chini yako na pezi refu la chini ya ubao litalikata bila wewe kujua.

Pezi langu limevunjika shinani. Nimerudi Dar kwa kirikuu, 60,000.

26 Julai 2024: pezi jipya, kalenda mpya

Pezi la zamani lilikuwa limesimama wima, sentimita 40. Fundi wa ngalawa amenichongea jipya kwa mbao nyembamba zilizounganishwa, mimi nikalifunika kwa epoksi. Ni fupi, sentimita 26, na limelazwa nyuma sana, kama pembe ya mbuzi. Nimelijaribu kwa kuvuta kamba ya nailoni mbele yake: kamba inateleza chini na kutoka. Mwani na nyasi nazo zinateleza. Shilingi 45,000. Ubaya wake ni kwamba ubao unahepa kidogo kuelekea demani, upande upepo unakokwenda.

Na nimebadilisha siku. Nitaanza kwenye maji mafu, tarehe 28. Wakati huo maji yanajaa asubuhi badala ya kupwa, na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Wavuvi wote wa pwani wanalijua hili. Mimi nilikuwa nimefungua programu ya upepo kwenye simu na kuona nimemaliza.

Gharama hadi hapa: 2,285,000.

29 Julai 2024: Saadani

Jana Kunduchi hadi Bagamoyo, saa sita kwenye maji, nimepita nje kabisa ya Mlingotini. Hakuna la kuandika, na hilo limenifurahisha sana.

Leo kilomita 45 hivi. Kuanzia Bagamoyo pwani inapinda kuelekea kaskazini, kwa hiyo kusi inakupiga begani kulia badala ya mgongoni. Huu ndio upepo wa ubao. Unaegemea, kulabu inanasa, ubao unaimba. Goshini, upande upepo unakotoka, kuna bahari, demani kuna nchi kavu, na ukiharibikiwa upepo unakusukuma ufukweni. Ndiyo maana nimechagua kusi na njia hii.

Midomo ya mito inahitaji akili. Ruvu niliupita maji yakijaa, sikuhisi kitu isipokuwa rangi kubadilika. Wami niliufikia baada ya saa sita mchana, maji yameanza kutoka. Mto unasukuma nje, kusi inasukuma ndani, na mawimbi yanasimama mafupi, ya kahawia, yamekaribiana kiasi kwamba ubao unaziba mawili kwa pamoja. Niliona gogo zima na mizizi yake likipita. Wami una viboko na mamba, sikutaka kuanguka pale. Nilitoka nje kilomita tatu, nikashusha kisu nusu kupata utulivu, nikapita nimechuchumaa. Ningeondoka Bagamoyo saa moja mapema nisingekutana na haya.

31 Julai 2024: kiungo kimekatika

Jana sikuondoka, bahari yote ilikuwa nyeupe. Leo nimetoka Saadani saa moja asubuhi, maji yakiwa yamekupwa, ubao nimeubeba safari mbili kuvuka matope.

Mbele ya Mkwaja, kama kilomita mbili na nusu kutoka ufukweni, nilisikia mlio mfupi, kama mtu kavunja muwa. Mlingoti ukaruka kutoka kwenye ubao. Nikawa majini, tanga upande huu, ubao upande ule, vimeshikwa na utepe mmoja tu wa usalama wa upana wa vidole viwili. Nilishika utepe ule kabla ya kushika ubao. Ungekatika, upepo ungelichukua tanga, na mimi ningebaki na ubao usio na chochote.

Nilipanda, nikalala kifudifudi, nikaliacha tanga lielee nyuma, nikapiga makasia kwa mikono. Kusi ilinisaidia kuelekea ufukweni. Ilinichukua muda wa saa mbili na robo. Redio ilikuwa inafanya kazi na nilijua naweza kuita, hilo lilinituliza.

Ufukweni nilifungua skrubu. Ufa ulianzia chini, ndani ya kikombe cha plastiki, mahali ambapo kukunja kwa mikono hakuonyeshi kitu. Mchanga ulikuwa umeingia humo na kusaga mpira kidogo kidogo. Kiungo kinapaswa kufunguliwa chote na kukaguliwa, si kukunjwa. Na cha akiba kilikuwa nyumbani, sebuleni kwangu, kwa ajili ya gramu 400.

Nilipitisha kamba ya milimita sita kati ya tundu za juu na za chini, mizunguko minane, nikaizungushia mpira wa ndani wa baiskeli niliopewa na fundi wa kijijini, akakataa pesa. Nikafunga tanga dogo. Nikatambaa hadi Kipumbwi, nikisimama mara tatu kukaza, maana kila baada ya nusu saa mlingoti ulikuwa unacheza.

1 Agosti 2024: Kipumbwi

Kipumbwi ni bandari ya kale ya kuvukia Unguja, na hapa watu wanajua kamba. Mtu mzima mmoja, nahodha, alikiangalia kifungo changu, akakishika, akakitikisa mara moja. Akauliza, "Nani kafunga?" Nikasema mimi. Akakifungua chote bila neno, nami nikakaa chini kumtazama.

Anavyofunga yeye ni kama anavyofunga miti ya marengu. Kwanza kamba ililowekwa kwenye maji ya chumvi. Kisha mizunguko sita tu, si minane, imelala sambamba bila kupandana, kila mmoja ukivutwa kwa kigingi cha mti mpaka ulie. Halafu, na hapa ndipo nilipokosea, akapitisha kamba katikati, kati ya pande mbili, akaizungusha ile mizunguko yenyewe, akaibana kiunoni mara nne. Mizunguko yangu ilikuwa inashikilia. Kile kiuno ndicho kinachokaza. Mwisho akajaribu kuukunja mlingoti pande zote. Ulilala, ukainuka, haukucheza.

Nilimwuliza malipo. Alisema nimpigie simu nikifika Tanga.

3 Agosti 2024: Tanga

Jana Kipumbwi hadi Pangani, kisiwa cha Maziwe kikionekana kulia kwa mbali, mchanga mweupe mtupu. Niliingia mtoni saa sita maji yakijaa, yakanibeba yenyewe.

Leo niliondoka Pangani alfajiri na umande. Umande ni upepo wa alfajiri unaotoka nchi kavu, mto ulikuwa unatoka, na kwa nusu saa nilikwenda vizuri mno. Kisha nikagundua vyote viwili vinanipeleka baharini. Saa mbili umande ukafa. Shwari. Nikalishusha tanga majini, nikakaa juu ya ubao, nchi iko mbali kuliko siku yoyote ya safari hii. Wavuvi wa ngalawa huutumia umande kutoka na kusi kurudi. Mimi sikuwa natoka, nilikuwa napita. Nilitakiwa kusubiri.

Nilikaa saa moja na nusu. Nilipanga mnazi mmoja wa Kigombe na kilima nyuma yake, nikaona mnazi unarudi nyuma polepole. Mkondo wa pwani yetu unakwenda kaskazini, hivyo hata nimekaa nilikuwa naelekea Tanga. Nilikunywa maji, nikakagua kamba. Kiuno cha kifungo kilikuwa kimekauka na kuwa kigumu kama mfupa.

Saa nne mstari mweusi ukaonekana juu ya maji upande wa kusini, ukaja, ukanifikia. Kisiwa cha Yambe nilikipita saa saba na nusu. Nimegusa mchanga wa Raskazone saa tisa alasiri, maji yakiwa karibu kujaa. Nilimpigia dada kwanza, kisha nahodha wa Kipumbwi. Akauliza, "Imelegea?" Nikamwambia haijalegea. Akasema sawa, tukaagana.

18 Agosti 2024: hesabu

Chakula, malazi, Saadani na mengineyo ya njiani: 240,000. Kurudisha ubao Dar kwa lori: 80,000. Jumla ya mradi mzima: shilingi 2,605,000. Ukitoa poliesta, kirikuu na kamba za mwani, ungeweza kufanya kwa 2,455,000, na pezi ungelichonga fupi tangu mwanzo.

Nimeagiza kiungo kipya kabisa. Kitakapofika nitakifunga, na kile cha zamani kitaingia mkobani na gramu zake zote. Kifungo cha Kipumbwi sijakifungua. Nimekipiga picha pande nne na kupima kamba: mita tatu na sentimita ishirini, milimita sita, mizunguko sita, kiuno mara nne. Hatua inayofuata ni Tanga hadi Moa, kusi ya mwakani, nikianza kwenye maji mafu.